Zamu ya Dawa za Wairimu

Ndani ya Biblia yangu, pale kwa Zaburi, nimeweka karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne. Imechorwa mistari kwa rula, na juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu: ZAMU ZA WIKI. Kuna safu ya neti, ya mipira, ya chokaa, ya maji, na ya kufagia stoo. Halafu kule mwisho, mahali palipobaki nafasi kidogo tu, mtu amebana safu ya sita kwa mwandiko uliosongamana: DAWA ZA WAIRIMU. Siku nne kwenye hiyo safu zina tiki. Siku tatu zina sifuri nyekundu. Hizo sifuri nitazifikia.

Naandika kwa sababu ya safu ya sita. Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi una TB, umekaa kwa benchi na barakoa usoni, na unaona kama hata paka wa kliniki anakutazama vibaya. Mimi si mtu wa vitabu. Kidato cha nne nilipata alama ambazo baba alizisoma mara mbili, akidhani ameshika karatasi juu chini. Kwa hivyo mambo ya vijidudu sitakueleza, hayo utaambiwa na wenyewe. Nitakueleza tu vile nilivyoishi.

Nilienda chuo kikuu Bungoma kufanya kozi ya cheti ya upishi. Usicheke, ni chuo kikuu kweli, na sisi wa cheti tuko huko nyuma karibu na jikoni, tukisikia harufu ya vitunguu wakati watu wa digrii wanasikia hotuba. Wiki ya kwanza nilikuwa nimebeba sufuria nikipita uwanjani, nikaona wasichana wa voliboli wanaruka mbele ya neti. Nilisimama. Sijui kama umewahi kuona mtu akiruka na akakaa juu kidogo kuliko vile anafaa kukaa. Niliona hivyo nikajiambia, Wairimu, utaenda huko juu. Hata jezi yangu ya timu ya taifa niliiona, namba saba, na nilikuwa bado nimeshika sufuria.

Nikamuuliza msichana mmoja mrefu, "Samahani, kocha wenu ni nani?"

Akacheka. "Kocha ni ile karatasi." Akanionyesha mlango wa stoo.

Huyo alikuwa Nafula, kapteni, mwaka wa tatu, msichana wa Misikhu ambaye mama yake anauza nyanya sokoni. Sauti yake imezoea kushindana na soko. Ndiye aliyenieleza vile klabu inaendeshwa. Hakuna mwalimu anayekuja, hakuna mkubwa. Wanafunzi wenyewe wanachagua kapteni na katibu, wanajipangia mazoezi, wanaosha jezi, wanachora uwanja kwa chokaa. Kila Jumapili jioni katibu anabandika karatasi ya zamu, na ukikosa zamu yako unazunguka uwanja mara tano.

"Hata wewe kapteni?"

"Mimi nimezunguka mpaka nyasi zinanijua."

Kwetu kitu hufanyika kwa sababu baba ameguna. Sikuwa nimewahi kuona watu wa miaka ishirini wakiamka saa kumi na moja na nusu asubuhi kubeba milingoti ya chuma kwa sababu ya karatasi. Nilishangaa, na mpaka leo bado nashangaa.

Kulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Kabla ya mechi tulijifungia ndani ya stoo ya neti, wasichana kumi na wawili. Dirisha lilikuwa moja, na lilipigiwa mabati kitambo. Tunafunga mlango, tunashikana mabega, tunaimba kwa mdomo uliofungwa mpaka wapinzani huko nje wasikie mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Tunaimba hivyo mpaka jasho linatiririka na pumzi ya huyu inakuwa ya yule. Tukifungua mlango tunatoka tukiwa watu mia.

Humo ndimo nilimokohoa.

Ilianza Januari, wakati wa vumbi. Nilisema ni vumbi. Februari nikasema ni moshi wa jikoni. Blanketi langu lilikuwa linaamka likiwa limelowa jasho, sketi ilianza kunizunguka kiunoni yenyewe, nikafurahi, nikadhani mazoezi yananipa umbo. Nilikuwa nalala chumba kimoja hosteli na Nasimiyu, mwaka wa kwanza, mfupi, mcheshi, mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale. Ndiye aliyekuwa ananiinulia mipira nipige. Mara nyingi aliniambia, akifupisha Wairimu kuwa Shiru, "Shiru, hicho kikohozi chako kitalipa rent lini?" Tulicheka tu.

Mwezi wa Machi nilikosa zamu ya neti mara mbili. Milingoti ilikuwa mizito, nilikuwa nakaa chini njiani, na nikikaa sisimami. Nafula hakujua. Aliona uvivu.

"Sheria ni sheria, Shiru. Tano."

Nikazunguka. Mzunguko wa nne nilisikia ladha kama ya msumari mdomoni. Nikatema mate, yakaanguka juu ya mstari wa chokaa, na yalikuwa mekundu. Kitu nilichofanya bado kinaniuma: nilisukuma udongo kwa kiatu nikafunika, halafu nikamaliza mzunguko wa tano.

Nasimiyu alikuwa ameona. "Ile ni nini?"

"Nimejiuma ulimi."

"Ulimi gani unatoka damu hivyo? Kapteni! Kapteni, kuja hapa!"

Nafula alinipeleka hospitali yeye mwenyewe, na viatu vya mazoezi bado mguuni. Kama hujafika chumba cha kungojea cha kliniki ya kifua, nikwambie ili usiogope: madirisha yote huwa wazi na baridi inaingia itakavyo. Wanakupa barakoa. Wanakupa kikopo chenye kifuniko na kukutuma nje, nyuma ya jengo, ukohoe kutoka chini kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa hapo na kikopo chake alinifundisha. "Usikohoe na koo, msichana. Vuta kutoka huku," akashika tumbo, "kama mtu anavuta ndoo kisimani." Nilivuta. Alinipongeza kama nimeshinda kitu. Sikujua jina lake, na sijamsahau.

Nafula aliambiwa angoje nje. Akakaa juu ya jiwe chini ya dirisha, namwona kichwa tu. Kila nikigeuka, kichwa kipo. Tulirudi kesho yake kuchukua majibu. Nilipotoka na karatasi alisoma uso wangu, hakusoma karatasi.

"Nilikukimbiza," akasema. "Shiru, nilikukimbiza ukiwa hivyo."

Kapteni wetu, na ile sauti yake yote ya soko, alilia pale juu ya jiwe. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwambia angalau sasa nimejua kwa nini sikuwa nafika juu ya neti.

Siku hiyohiyo baba alikuja kutoka Kitale. Sisi tunakaa Matisi, yeye ana mashine ya kusaga mahindi. Kuna watu wakifika mahali wanasalimu kwanza. Baba alitazama uwanja, akatazama mimi, akasema, "Si ndio huu mpira? Baridi ya asubuhi imeingia kifua. Beba vitu." Nikajaribu kumweleza vile sista wa kliniki amesema, ati si baridi. "Mami, beba vitu." Nilijua kwa hiyo mami kwamba ameogopa. Baba hutuita mami akiwa na furaha sana ama akiwa na hofu.

Wanaklabu wote waliitwa wapimwe. Kabla hata ya kwenda, walifanya mkutano chini ya mlingoti wa neti, na jambo la kwanza walilopitisha ni mabati ya dirisha la stoo yang'olewe. Waling'oa kwa mikono siku hiyo. Mimi nilikuwa ndani ya gari naelekea Kitale, barakoa imelowa machozi.

Kwetu Trans-Nzoia watu walikuwa wanapanda mahindi. Kila mtu yuko shambani, mashine ya baba haina wateja wengi, na mimi niko chumba cha nyuma kilichopakana na ghala, dirisha wazi usiku na mchana. Njeri, mdogo wangu, tuliyelala kitanda kimoja tangu akiwa mtoto, alihama na mto wake bila kuniambia. Mama alinunua kikombe cha kijani, cha pekee nyumba nzima. Hakuna aliyesema ni cha nani. Nilikunywa chai humo miezi miwili, na mpaka leo sinywi chai kwa kikombe cha kijani.

Dawa zenyewe zilikuwa tembe tatu kubwa za rangi ya matofali na moja ndogo. Siku ya kwanza nilienda choo nikapiga nduru. Mkojo ulikuwa rangi ya chungwa, chungwa lile la soda. Mama alikuja mbio. Tulisimama wawili tukitazama. Nilikuwa nimeambiwa kliniki nikasahau, kwa hivyo wewe usisahau: ni dawa inapita, inafanya kazi. Na nilitapika. Wiki ya kwanza nilitapika mpaka kuku wa jirani wakaacha kunikaribia.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, simu ikalia. Ya video. Nikafungua nikaona pua kubwa, halafu simu ikarudi nyuma nikaona mtu mzima. Alikuwa Barasa, katibu wetu, mchezaji wa timu ya wanaume, mtu wa Bokoli ambaye r na l humchanganya mdomoni, anayesoma zamu kama anatangaza ndoa kanisani.

"Wailimu! Habali za asubuhi. Niko kwa zamu."

"Zamu gani?"

"Yako. Soma kalatasi."

Akageuza simu. Kwenye mlango wa stoo, karatasi ya wiki, na pale mwisho safu ya sita. Nikasoma jina langu mara mbili.

"Rete dawa tuone. Weka mdomoni. Kunywa maji. Fungua. Inua ulimi."

"Barasa, wewe si daktari."

"Mimi ni katibu. Daktali anaweza kusahau, katibu hasahau. Inua ulimi, bana, nina darasa."

Kutoka siku hiyo, kila asubuhi saa moja, uso tofauti. Mmoja anapiga mswaki. Mwingine anakimbilia darasani, simu inaruka nami naruka naye. Wengine hata sikuwa nimezungumza nao, wavulana wa timu ya pili, wananiuliza kwa aibu, "Niaje Wairimu, umeamkaje, tafadhali inua ulimi." Nasimiyu ndiye aliyeanzisha lile swali la mwisho. Kabla ya kukata simu aliuliza, "Rangi?" nami najibu, "Chungwa!" Ikashika, wote wakawa wanauliza. Siku moja kijana mmoja alilala akakosa kupiga. Jioni nikatumiwa video: anazunguka uwanja mara tano, na kila akipita anapaza sauti, "Pole Wairimu!" Nilicheka mpaka kifua kikauma. Nikajiuliza hawa ni watu gani. Hakuna aliyewatuma.

Wiki ya tano, wakati mahindi yalikuwa yanafika kwa goti, Nafula alipiga simu adhuhuri, si saa yake.

"Shiru, uko na mtu karibu? Kaa chini." Akavuta pumzi. "Majibu ya wote yametoka. Ni mmoja tu. Nasimiyu."

Nilienda nyuma ya ghala nikalia hadi nikatapika. Nilikuwa nimempa mimi. Hiyo mikono yake myepesi, kile kifua kidogo kama cha ndege. Jioni akapiga mwenyewe, nikashindwa kutazama simu.

"Shiru. Shiru, nitazame, bana. Mama amelia, shangazi amelia, wewe ukilia nitafungua duka la leso." Nikatazama. "Nimeanza leo. Nimeambia Barasa, Alhamisi yako ni yangu, asimpe mtu mwingine. Tutakuwa tunameza pamoja."

Basi kila Alhamisi tukawa tunameza pamoja, yeye Bungoma, mimi Kitale, moja, mbili, tatu, na ile ndogo.

Siku za kliniki baba alifunga mashine. Ujue huyo ni mtu ambaye hufunga kwa sababu ya mazishi tu. Hakuwa anaingia ndani. Alikaa nje kwenye ukuta na kofia mkononi. Nikitoka anauliza, "Uzito?" Namwambia. Anavaa kofia, tunaenda nyumbani. Mwezi wa pili ulipoisha nilitema tena kwenye kikopo, wakapima, hawakuona kitu. Siku hiyo mama alimimina chai kwa kikombe cha kawaida, akaniwekea mbele, akaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi. Usiku nilipoingia kulala, nilikuta mto wa Njeri kwa kitanda changu, na Njeri juu yake, amejifanya amelala.

Lakini kurudi chuoni baba alikataa. "Hurudi. Utapona hapa, utasaga mahindi na mimi."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu, na nilikuwa na furaha tele.

Ilikuwa wakati wa mahindi mabichi. Mashavu yangu yalikuwa yamerudi. Nilikuwa nakula mahindi ya kuchoma matatu nikisimama. Nafula aliniambia Septemba mwaka mpya wa masomo ukianza watachagua kikosi kipya, nami nikaanza mazoezi kwa siri nyuma ya ghala. Nilichora mstari ukutani na mkaa, kimo cha neti, nikawa naruka. Asubuhi nikimeza dawa, magoti yananiuma na kichefuchefu kinanishika mpaka saa sita. Nikawaza: mimi si nimepona? Wamepima, hawakuona kitu. Hizi dawa sasa ndizo zinazonizuia kuruka.

Jumatatu nilijifanya kumeza mbele ya simu, nikainua ulimi vizuri. Tembe zote zilikuwa katikati ya shavu na ufizi. Simu ilipokatwa nikazitema kwenye pumba nyuma ya mashine. "Rangi?" "Chungwa!" Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo. Jumatano jioni niliruka, vidole vyangu vikapita mstari wa mkaa. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Niliona jezi namba saba tena.

Alhamisi akapiga Nasimiyu.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za hosteli, leso kichwani, uso umekuwa mdogo. Mimi tembe zilikuwa tayari kwa shavu. Nilikuwa nimeziweka mapema ili nimalize haraka nikaruke. Zake alikuwa amezishika kwenye kiganja.

"Shiru, leo nikwambie ukweli. Jana nilitaka kuacha." Alisema polepole, bila mzaha, na Nasimiyu bila mzaha ni mtu mwingine. "Nimetapika siku tatu. Jana zangu nilizishika juu ya shimo la choo. Nilikuwa nimeshafungua mkono kidogo. Halafu nikasema, kesho ni Alhamisi. Nitamtazamaje Shiru? Huyo ameanza kabla yangu, ameteseka kunishinda, na hajakosa hata siku moja. Nilienda kwa mlango wa stoo nikatazama safu yako. Tiki, tiki, tiki. Nikarudi nikameza."

Dawa ile ikikaa mdomoni inaanza kuyeyuka. Sijawahi kuonja kitu kichungu hivyo. Ulimi ulikufa ganzi, na siwezi kusema neno, maana nikifungua mdomo zitaonekana.

"Kwa hivyo leo anza wewe," akasema. "Nikikuona wewe, nitaweza."

Akangoja. Nyuma yake nilisikia mpira ukidunda, mazoezi ya asubuhi yanaendelea. Macho yake yalikuwa kwangu, yananiamini kabisa. Nilimwambukiza stoo, ama chumbani, sijui. Na sasa nilikuwa karibu kumuua mara ya pili kwa tembe nilizoficha kwa shavu.

Nikazisukuma kwa ulimi nikazimeza bila maji. Ya kwanza ikashuka. Ya pili ikashika njiani, macho yakatoka machozi. Ya tatu. Ile ndogo. Nikafungua mdomo wote, nikainua ulimi, nikavuta na shavu kwa kidole, upande huu, upande huu.

"Sasa wewe," nikasema.

Akameza. Nilitazama koo lake dogo likipanda na kushuka mara nne. Niliona kitu kikubwa pale, siwezi kukieleza. Mtu akimeza dawa huwa hufikirii. Mimi nilihisi kama niko kanisani.

"Haya," akajifuta mdomo. "Rangi?"

"Nasimiyu, si chungwa."

"Nini?"

"Tangu Jumatatu nimekuwa nikizitema. Leo pia ningezitema. Ile safu ni ya uongo."

Mpira ulidunda mara nyingi. Nilidhani simu imekatika.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, sijui ni hasira ama kilio, "Hiyo ni mizunguko kumi na tano." Akavuta pumzi. "Nenda kliniki saa hii. Na uende na babako." Akakata.

Baba alikuwa anasaga. Kina mama watatu wamepanga foleni na gorogoro zao, ile mikebe ya kupimia mahindi. Nilimwambia nikipaza sauti juu ya mashine, akashika sikio kuonyesha hasikii, nikarudia. Akazima mashine. Kwa ule ukimya nilijiona ninavyosema, "Baba, nilitema dawa siku tatu," mbele ya watu wote.

Niliona mkono wake. Nilidhani atanipiga. Alijipangusa unga usoni akabaki na mistari.

"Wale watoto wa mpira wanajua?"

"Mmoja anajua. Saa hii wote wanajua."

"Wamesema nini?"

"Nizunguke uwanja mara kumi na tano."

Akakung'uta unga mikononi. "Hakuna mtu mzima hapo?"

"Hakuna, baba. Ni wao tu."

"Wanapiga simu kila asubuhi. Miezi minne." Hakuwa ananiambia mimi. Akachukua kofia. "Kina mama, mtanisamehe. Twende, mami."

Siku hiyo aliingia ndani ya kliniki kwa mara ya kwanza, akakaa kwa benchi na mimi. Sista hakunibembeleza. Alinionyesha kwenye kadi mahali nilipokuwa na mahali mtu huhamishiwa, kwa dawa nyingine kali na za muda mrefu, ugonjwa ukizizoea hizi, na sikutaka kuangalia mara mbili. Nikatema kwenye kikopo. Tulingoja majibu siku kadhaa, na hizo siku kadhaa zilikuwa ndefu kuliko miezi minne. Baba naye kila asubuhi saa moja alisimama mlangoni kwangu na gilasi ya maji, pembeni mahali simu haimwoni. Majibu yakaja safi. Sista akaniongezea siku mwishoni, akasema nimenusurika kwa bahati na kwa mdomo: bahati kwa kuwa hazikuwa nyingi, mdomo kwa kuwa nilisema. Kwa hivyo ikiwa wewe umekosa zako, usijifiche. Nenda ukaseme.

Septemba baba alinirudisha Bungoma mwenyewe. Sikumwomba. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, akasoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anasoma risiti. Nafula na Barasa walikuwa wamesimama kando, wametoa mikono mifukoni.

"Nani mkubwa hapa?" baba akauliza.

"Ni hiyo karatasi, mzee," Nafula akasema.

Baba akavua kofia. Akawasalimu kwa mkono mmoja mmoja, hata wale waliokuja mbio kutoka uwanjani na jasho, akiwaambia asante, asante, na hakujua kusema zaidi. Barasa akanipa karatasi moja ya zamani, ile ya wiki yangu mbaya. Alikuwa amekata tiki tatu akaweka sifuri kwa kalamu nyekundu. "Lekodi ni lekodi," akasema. Ndiyo hii niliyonayo kwenye Biblia.

Nilimaliza dawa wakati watu wanavuna. Sista aliponiruhusu, nilikwenda uwanjani kulipa. Sikuweza kukimbia kumi na tano, nilitembea. Mzunguko wa pili Nafula akajiunga, akasema ana tano zake za kunikimbiza nikiwa mgonjwa. Halafu Barasa. Mwishowe klabu nzima ilikuwa inatembea polepole kuzunguka uwanja kama harusi isiyojua inakoenda, na Nasimiyu mbele, amebeba mpira. Kifua changu kilikuwa kinavuta hewa mpaka chini, pale yule mzee aliponionyesha, na kinaiachia. Kwa mara ya kwanza nilisikia ni kazi kubwa kiasi gani.

Kikosi kipya sikuchaguliwa. Mwaka ujao nitachaguliwa, nimeshaona jezi.

Lakini Jumapili ile nilienda kusoma karatasi mpya mlangoni. Jumatatu, neti: Wairimu. Nikafurahi. Nikafuata kidole mpaka mwisho, kwenye safu ya sita, ambayo sasa ilikuwa ya dawa za Nasimiyu, maana alikuwa bado na wiki chache. Alhamisi: Wairimu.

Alhamisi saa moja kamili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha Nasimiyu na gilasi ya maji. Akameza moja, mbili, tatu, na ile ndogo. Akafungua mdomo. Akainua ulimi.

"Na shavu," nikasema.

Akacheka hadi karibu apaliwe. Kisha akavuta shavu kwa kidole, upande huu, upande huu. Hapakuwa na kitu. Nikaenda mlangoni nikaweka tiki.